Caroline Kache Charo (1967–2025): Mpangaji wa Mwani Aliyeandikwa Mfagizi

Tarehe 17 Aprili 2023, Kituo cha Hifadhi ya Mwani, kilicho katika Mji wa Kale wa Mombasa, kiliandika barua ya mistari mitatu kumhusu marehemu. Barua hiyo ilisema kwamba Bi Caroline Kache Charo aliajiriwa kuwa mfanyakazi wa usafi, kwamba kazi yake ilikuwa kufagia na kupiga deki, na kwamba katika utumishi wake wote hakuwahi kushika kemikali ya aina yoyote. Ilitiwa sahihi, ikapigwa muhuri. Marehemu aliisoma akiwa ameketi kwenye benchi la hospitali, akijifuta damu ya pua kwa leso. Alipoimaliza aliikunja mara mbili, akamwambia mumewe: "Nicodemus, hawa wamenifuta nami ni hai."

Wasifu huu unasomwa leo, Jumamosi tarehe 15 Novemba 2025, ili kuisema kweli ambayo barua ile iliikana. Kwa miaka ishirini na saba Kache aliokota mwani wa kijani wa pwani yetu, akautenga aina kwa aina, akaukausha, akautia katika chupa za fomalini, dawa kali ya kuhifadhia isioze. Aliifanya kazi hiyo kwa mikono mitupu, na kwa miaka ishirini na mmoja ya mwisho aliifanyia katika chumba kilichopigiliwa mbao dirishani. Hewa ya chumba hicho ndiyo aliyoivuta mpaka mwili ukashindwa. Kabla ya kufa alitaka jambo moja tu: iandikwe, kwa mkono wa wale waliomwajiri, kwamba kazi ile aliifanya yeye. Hakulipata.

Kache alizaliwa tarehe 9 Julai 1967 huko Kaloleni, mtoto wa pili wa Mzee Charo na Mama Mbeyu. Baba yake alikuwa kuli wa bandari, na mwaka 1973 aliihamishia familia kisiwani, katika chumba cha kupanga upande wa Ganjoni. Mama yake alisimulia kwamba tangu mdogo binti huyu hakuweza kuviacha vitu vilivyochanganyika. Akitumwa kuchambua mchele alirudi na mafungu matano: mchele mzima, mchele uliovunjika, chuya, mawe meupe na mawe meusi. Mama Mbeyu alimwuliza mawe meupe na meusi yana tofauti gani, na yote yanakwenda jaani. Alijibiwa kwamba huenda jaani, lakini si ndugu.

Alisoma shule ya msingi papa hapa kisiwani na kufanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1980. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1984, akiwa na alama ya juu kabisa ya bayolojia katika darasa lake. Walimu walimtaka aendelee. Mwaka huohuo mgongo wa baba yake uliharibika, asiweze tena kunyanyua mzigo, na Kache akabaki nyumbani akimsaidia mama yake kuuza mahamri na mbaazi asubuhi. Cheti chake alikifunga katika karatasi ya nailoni, akakiweka chini ya godoro. Hakukionyesha kwa mtu kwa miaka saba, maana hakuna aliyekiuliza.

Tarehe 3 Juni 1991 aliajiriwa na Kituo. Barua ya ajira ilisema usafi, na kwa miezi kadhaa ilikuwa usafi kweli. Mkusanyo wa mwani wakati huo ulikuwa chini ya marehemu Mwalimu Jamaldin, mzaliwa wa mtaa wa Kuze, mtu aliyeujua mwani wa kisiwa hiki jinsi wengine wanavyojua nasaba za majirani zao. Siku moja mwanzoni mwa mwaka 1992 aliingia chumbani akakuta mafungu aliyoyaacha mezani yamepangwa upya. Aliuliza kwa sauti ya kutisha ni nani aliyegusa meza yake.

"Ni mimi, Mwalimu," Kache alijibu, ufagio mkononi. "Nimekuta hawa wamewekwa pamoja, nao si ndugu."

"Wajuaje hilo?"

"Huyu ukimpinda apindika. Huyu avunjika kama ganda la yai."

Mwalimu Jamaldin aliyachukua mafungu yale mawili, akayapinda kwa vidole, moja likavunjika. Lile lililovunjika lilikuwa Halimeda, mwani wa kijani unaojijengea mwili kwa chokaa, na ukifa husagika ukawa sehemu ya mchanga mweupe tunaoukanyaga. Mwenyewe alikuwa ameuchanganya na mwingine kwa haraka ya kwenda kuswali. Alimwambia auweke ufagio chini, avute kiti. Tangu siku hiyo hadi mwaka 2019 Kache alikuwa mpangaji wa mwani. Barua yake ya ajira haikubadilishwa hata neno moja. Mwalimu aliomba ibadilishwe, akaomba tena, akaambiwa kila mara kwamba jambo hilo linashughulikiwa.

Wengi tulioketi hapa tunauona mwani kuwa uchafu unaoteleza chini ya miguu. Mwalimu Jamaldin alimfunza, naye akatufunza nyumbani tukitaka tusitake, kwamba mwani wa kijani ni ulimwengu mzima. Iko Ulva, nyepesi na pana kama jani la saladi. Iko Caulerpa, inayotambaa mchangani ikiinua vishada kama vya zabibu, mita nzima na zaidi, na yote hiyo ni seli moja tu. Iko Valonia, inayong'aa kama gololi, nayo pia seli moja. Ipo ya nyuzi, ipo ya mirija, ipo laini kama sifongo. Na ipo inayokaa visimani na katika madimbwi ya maji baridi, ambayo kwa nasaba iko karibu zaidi na mchicha wa sokoni kuliko ilivyo karibu na Ulva ya baharini. Kache alikuwa akisema kwamba mtu akiupanga mwani kwa kuutazama juujuu atakosea kila siku. Hupangwa kwa jinsi ulivyoumbwa ndani.

Juu ya hilo kuna kisa ambacho Sabir, mwongozaji wa watalii, amekubali kisimuliwe. Asubuhi moja alikuwa na wageni wake karibu na Ngome ya Yesu, akiwaonyesha ukuta mmoja wa zamani wenye madoa mekundu kama kutu, akiwaeleza kwamba ile ni damu ya vita isiyofutika. Kache alikuwa akipanda kutoka ufukweni na beseni lake. Alisimama, akasema kwa adabu kwamba ule ni mwani wa kijani.

"Kijani gani, Bi Kache, na mwekundu huu?"

"Wekundu ni wa juu. Wajikinga na jua. Ukiuangalia kwa hadubini, wa ukoo wa kijani, hauna shaka."

Sabir alingoja wageni wasogee mbele, kisha akamnong'oneza: "Dada yangu, damu yalipa. Mwani haulipi." Kwa miaka mingi baadaye, kila walipopishana Kache alimwuliza ukuta umevuja kiasi gani leo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali, alishuka ufukweni na beseni na kisu. Akirudi aliuacha mwani uelee katika karai la maji ya bahari, akaupitishia karatasi nzito chini yake, akainyanyua taratibu huku akiufungua kila uzi kwa brashi ndogo. Juu yake alitandika kitambaa cha bafta ili usigande, kisha magazeti, kisha mbao na mawe. Magazeti yalibadilishwa kila siku mpaka mwani ukauke na ushikane na karatasi kama uliochorwa. Kipande cha kila mwani kilitiwa pia katika chupa ya fomalini, kwa ajili ya hadubini, kwa sababu ukishakauka hupoteza umbo la ndani. Fomalini kali aliizimua mwenyewe kwa kikombe cha plastiki.

Bafta aliinunua Kuze kwa Bi Swabaha, dada yake Mwalimu Jamaldin, aliyekuwa akishona na kuuza vitambaa. Mwezi wa tatu mfululizo Bi Swabaha alishindwa kuvumilia.

"Mwanangu, kila mwezi waja wanunua bafta ya sanda. Kwenu wafa watu wangapi?"

Kache alimweleza kwamba ni ya mwani.

"Mwani nao mwauvisha sanda?"

"Twauvisha, Bi Swabaha. Kisha twauvua, twauandika jina."

"Basi mwani wenu una bahati kuliko wengi," alisema Bi Swabaha, akampunguzia bei tangu siku ile.

Kache alifunga ndoa na Bwana Nicodemus Thoya, fundi wa mabomba, tarehe 14 Agosti 1993. Walijuana katika kazi. Nicodemus aliitwa Kituoni kuzibua sinki, akachomoa fundo la nyuzi za kijani, akalitupa dirishani, wakati huo dirisha likiwa bado wazi. Kache alimtaka ashuke uchochoroni akalirudishe. Nicodemus alishuka akidhani ni mzaha. Aliporudi nalo, Kache aliliosha, akalitandaza na kumwonyesha: uzi usio na matawi ni Chaetomorpha, wenye matawi ni Cladophora, na yeye alikuwa ametupa zote mbili. Nicodemus amesema kwamba hakuelewa kitu siku ile ila alirudi wiki iliyofuata kuuliza kama sinki halijaziba tena. Walijaliwa watoto wawili, Dama na Charo, wakaishi Ganjoni kwa amani ya watu wanaosikilizana.

Sasa tuliseme la dirisha. Mwaka 1998 majirani wa Kituo walilalamika kwamba harufu ya chumba cha nyuma inawachoma macho. Walikuwa na haki ya kulalamika. Uongozi wa wakati huo ungeweza kuweka feni ya kutoa hewa juu ya paa. Badala yake dirisha lilipigiliwa mbao, harufu isiwafikie majirani, ikabaki ndani na aliyekuwa ndani. Kache aliomba feni, aliomba glavu, aliomba kinga ya pua. Aliomba kwa mdomo, maana barua ya mfagizi hupitia kwa msimamizi wa usafi, na msimamizi wa usafi alimjibu mara moja tu. Alimwuliza: "Wewe kazi yako kufagia. Humo chumbani wafanya nini?"

Tuliseme na la lebo, kwa sababu hapo ndipo palipo kiini cha dhuluma hii. Kila karatasi ya mwani ina lebo pembeni, na lebo ina kanuni ambayo Mwalimu Jamaldin aliishika kama dini. Lebo ya kwanza haivuliwi. Mwani ukibadilishwa jina na wataalamu, lebo ya zamani huachwa ilivyo, na chini yake hubandikwa kijikaratasi chenye jina jipya, tarehe, na jina la aliyesahihisha. Hata kosa huachwa mahali pake, na mwenye kosa huachiwa jina lake. Mwaka 2004 ilipofika habari kwamba mwani wa mirija uliokuwa ukiitwa Enteromorpha umethibitika kuwa wa jenasi moja na Ulva, Kache alibandika vijikaratasi mia mbili na kumi na viwili kwa gundi ya wanga, bila kung'oa lebo hata moja. Lebo za kwanza, zaidi ya elfu moja na mia nane, ziliandikwa kwa mkono wake: "Umekusanywa, umekaushwa na kutiwa fomalini na C. Kache." Chini yake sahihi ya Mwalimu.

Kwa sababu aliamini kwamba lebo haivuliwi, hakuwa na daftari. Dama alimhimiza mara nyingi aweke nakala ya kazi zake nyumbani. Alimjibu kwamba nakala ni karatasi zenyewe, ziko kabatini, na hakuna mtu wa kazi ile atakayezigusa. Hilo lilikuwa kosa lake, na lilikuwa kosa la mtu aliyefunzwa na mwaminifu.

Mwalimu Jamaldin alifariki mwaka 2009. Kwa miaka kumi Kache aliuendesha mkusanyo ule peke yake, akiwaelekeza wanafunzi wa vyuo waliokuja na kuondoka na shahada zao. Mwaka 2019 Kituo kilipata mkuu mpya, Dakta Morgan, aliyekuja na mradi wa kuupiga picha mkusanyo wote na kuuingiza katika kompyuta. Ni jambo jema, na Kache alilifurahia. Kisha akaambiwa kwamba lebo za mkono hazipendezi pichani. Zing'olewe kwa mvuke, ziwekwe zilizopigwa chapa, na mahali pa mkusanyaji paandikwe "Kituo".

Alikataa. Wasifu huu ungependa watoto wake walijue hilo kwa maneno yake, ambayo Dakta Morgan mwenyewe aliyasikia. Alisema: "Dakta, andika zako, ubandike chini. Nitakusaidia mpaka usiku. Lakini ya kwanza sing'oi, na mtu asing'oe mbele yangu."

Dakta Morgan alimjibu kwa upole, akamwita mama, akamkumbusha kwamba kwa mujibu wa barua yake ya ajira yeye ni wa usafi. Kesho yake Kache alikabidhiwa ufagio na kupelekwa uani. Vibarua waliletwa kwa wiki tatu, wakang'oa lebo zote. Kache aliyafagia mwenyewe majivu ya lebo hizo, kwa kuwa pipa la kuchomea taka lilikuwa upande wake wa ua. Iwapo nia ilikuwa kupendezesha picha au kuficha majina, anayejua ni Mungu. Matokeo tunayajua sisi.

Damu ya pua ilianza mwaka 2021. Baadaye sikio la kushoto likaziba, na shingoni ukatokea uvimbe. Februari 2023 aliambiwa ni saratani ya nyuma ya pua. Daktari aliyemtibu, kijana mstaarabu ambaye familia inamshukuru, alimwuliza amefanya kazi na dawa gani. Alipoisikia fomalini, na miaka, aliweka kalamu chini. Alisema hawezi kuapa kwamba chanzo ni hicho peke yake, lakini fomalini inajulikana duniani kote kwa ugonjwa huo, na taarifa lazima iende kwa afisa wa kazi ili chumba kikaguliwe. Alihitaji barua ya mwajiri. Barua iliyokuja ndiyo ile ya mistari mitatu.

Agosti 2023 afisa wa kazi alikubali kwenda na Kache Kituoni. Alikuwa amekonda, kilemba kimefunika uvimbe. Alimwongoza afisa moja kwa moja hadi kabati la Ulva, akafungua bila kutafuta. Kila karatasi ilikuwa na lebo mpya, nyeupe, safi: Mkusanyaji, Kituo. Alifungua la Caulerpa, la Halimeda, la Valonia. Alimwonyesha afisa mahali ambapo karatasi ilikuwa imeparuka kidogo katika umbo la mstatili, akapitisha kidole ukingoni, akasema hapa palikuwa na lebo yangu, na hapa, na hapa.

Afisa aliinama akatazama. Hakuwa mtu mbaya. "Mama," alisema, "alama ya gundi haisemi jina."

Jalada lilifungwa. Lakini siku hiyo Kache aliona jambo jingine lililomwuma kuliko lebo. Katika chumba cha nyuma, mbao zikiwa bado dirishani, alimkuta Maisara, binti wa Kuze, akimimina fomalini kwa kikombe cha plastiki. Aliajiriwa mwaka 2021. Barua yake yasema usafi. Maisara ametoa ruhusa jina lake litajwe hapa, akijua gharama yake. Tangu siku hiyo Kache hakuzungumza tena juu ya jina lake bila kumtaja Maisara. Alisema kwamba wakikiri kuwa yeye alikuwa humo, itawabidi wakiri kuwa Maisara yumo.

Miezi miwili baadaye, kitandani, alikumbuka karatasi tisa. Mwaka 2011 ziliazimwa na jumba la makumbusho la ng'ambo, na hazikurudishwa. Kama hazikurudishwa, hazikung'olewa. Dama aliandika barua. Haikujibiwa. Aliandika nyingine, akaandika ya tatu, akaambiwa mkusanyo wao umefungwa kwa ukarabati. Miaka miwili ikapita, ya miale, ya dawa, ya uji kwa mrija. Tarehe 22 Septemba 2025 zilifika picha tisa katika simu ya Dama. Lebo zote tisa zilikuwa mahali pake, kwa mwandiko ule wa mshazari tunaoujua: umekusanywa, umekaushwa na kutiwa fomalini na C. Kache.

Tulitarajia atalia. Aliomba miwani. Alizitazama moja baada ya nyingine, akizikuza kwa vidole viwili, na alipofika ya sita alirudi nyuma, akaitazama tena. Sauti ilikuwa imekwisha kuwa ya mkwaruzo.

"Hii nilikosea," alisema.

Dama alimwuliza nini.

"Nimeandika Chaetomorpha. Angalia hapo chini. Una tawi. Ni Cladophora. Waandikie."

Dama alimwambia mama, pumzika, hilo si la leo. Kache alimtazama kwa jicho ambalo watoto wake wanalifahamu. "Nani atawaambia, kama si mimi? Waandikie wabandike chini. Wasing'oe."

Dama aliandika usiku uleule.

Tarehe 6 Oktoba 2025 Nicodemus na Dama walizipeleka picha tisa Kituoni, pamoja na ombi kwamba barua ya 2023 ifutwe. Walipokewa na katibu, wakaambiwa jambo hilo linashughulikiwa. Halijajibiwa mpaka asubuhi ya leo.

Kache aliaga dunia Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake Ganjoni, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Hakufa kwa urahisi, na wasifu huu hautasema vinginevyo kwa ajili ya kuwastarehesha wasikilizaji. Hewa ilimpitia kwa shida siku tatu. Mumewe alikuwa amemshika mkono. Siku tatu baada ya kufariki, barua ilifika kutoka ng'ambo. Chini ya lebo ya karatasi ya sita wamebandika kijikaratasi kipya: Cladophora, imesahihishwa na C. Kache, 2025. Picha yake, pamoja na zile tisa, zimechapishwa katika ukurasa wa mwisho wa ratiba mliyonayo mkononi. Tunawaomba mwifungue, mwisome.

Marehemu ameacha mume, Bwana Nicodemus Thoya, binti, Dama, mwana, Charo, na mkewe, mjukuu mmoja mwenye jina lake, mama yake mzazi, Mama Mbeyu, ambaye leo anamzika mtoto, ndugu zake wanne, Bi Swabaha wa Kuze, aliyemwita mwanangu na ambaye amekuja hapa pamoja na uzee wake, na wanafunzi wengi aliowafunza, ambao tunawasihi wajitokeze waseme walifunzwa na nani, na katika chumba gani.

Dakta Morgan, tulikualika na umekuja. Umeketi safu ya pili, na tunakushukuru kwa heshima hiyo. Wajumbe wa bodi ya Kituo, nanyi tunawaona. Hatukuwaita mje kutoa rambirambi. Ifuteni barua ya tarehe 17 Aprili 2023. Andikeni nyingine inayosema kwamba Caroline Kache Charo alikusanya, alikausha na alitia fomalini mwani wa kisiwa hiki kwa miaka ishirini na saba, mpeni mumewe, mpeni afisa wa kazi. Katika kila karatasi mliyoiparua, lirudisheni jina lake chini ya lenu. Kanuni inaruhusu, na nafasi ipo. Msituambie tena kwamba jambo linashughulikiwa.

Na lipo moja lisiloweza kungoja barua. Kache amekwisha maliza kuivuta hewa ya chumba kile. Mungu amlaze pema, apumue. Jumatatu, keshokutwa, saa mbili asubuhi, Maisara ataingia humo. Ng'oeni mbao za dirisha kabla ya saa mbili.